Sentensi Niliyoiruka

Mwaka ule mume wangu alipofariki, na mtoto wetu wa pekee akamfuata kabla miezi mitatu haijaisha, sikulia. Watu waliliona hilo kabla yangu. Kwenye msiba wa mtoto nilikaa mkekani kwa wakwe zangu, Uru, nikamsikia shangazi wa mume wangu akimwambia jirani, "Huyu macho yake makavu tangu asubuhi." Hakusema kwa chuki. Alieleza alichokiona. Mimi nilikuwa natazama sufuria ya chai ikichemka, nikiwaza kwamba majani yamezidi.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu na baba yake, ambako udongo ulikuwa bado haujashikana.

Kazi nayo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma mjini Moshi. Lilipouzwa, tulipunguzwa, wapiga chapa kwanza. Kwa hiyo masista wa upande wa Kibosho waliponiita niwachapie kitabu, nilikwenda. Sikufurahi, wala sikusita.

Kitabu chenyewe kilikuwa maisha ya mwanamke mtakatifu wa Italia, aliyeishi miaka mia saba iliyopita. Sista mmoja mzee, aliyesomea uuguzi kulekule ujanani mwake, alikuwa amekitafsiri kwa mkono kwenye madaftari ya shule. Yeye alikaa dirishani akisahihisha, mimi nikipiga chapa kwenye stensili, zile karatasi za nta za kurudufia. Stensili ukiikosea, unapaka dawa, unapuliza, unasubiri ikauke, ndipo unagonga tena herufi moja. Kazi ya namna hiyo ilinifaa.

Mwanamke yule alikuwa mke wa mtu, mwenye mali, mpenda nguo nzuri. Alipokaribia miaka arobaini alibadilika, akataka kumfuata Mungu tu, na watu wa nyumbani kwake wakawa kizuizi. Niliyachapa hayo bila kuyawaza. Siku ya tatu nikafika mahali ambapo mama yake anafariki, kisha mumewe, kisha watoto wote, katika muda mfupi. Hapo Sista alikuwa ameandika kwamba mwanamke yule alipata faraja kubwa kwa vifo hivyo, maana mwenyewe alikuwa ameviomba.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikairuka, nikaendelea na sentensi inayofuata.

Alasiri Sista alilinganisha stensili na daftari lake.

"Mama, hapa pamepungua kitu."

"Nilidhani umekosea kutafsiri, Sista."

"Sikukosea." Alivua miwani. "Nilikaa nayo wiki mbili. Nikamuuliza padre kama naweza kuiacha. Akasema niamue mwenyewe."

"Ukaamua kuiandika."

"Nikaiandika."

Habari zangu alikuwa nazo. Kutoka Uru hadi kule si mbali, na misiba husimuliwa.

"Wewe unajisikiaje?" akauliza.

"Sijisikii kitu, Sista."

"Hata uchungu?"

"Hata uchungu. Faraja nayo sina."

Nilitegemea anipe neno la kunituliza, kama wengine. Hakunipa. Alifungua boksi, akanisogezea stensili mpya, nikauchapa ukurasa ule upya, na sentensi yake ndani.

Kitabu kilipotoka nilipewa nakala moja. Mama mkwe wangu hakujua kusoma. Jumapili moja, akiwa jikoni anamenya ndizi za mtori, aliniambia, "Hebu nisomee hicho ulichokuwa unakiendea Kibosho." Nikaketi kwenye kigoda, nikawa namgeuzia kwa Kichagga. Nilipokaribia sentensi ile nilifikiria kuiruka tena. Nikaisoma.

Kisu chake kilisimama. Alikuwa amezika mwanawe na mjukuu wake mwaka uleule.

"Watoto wake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Wangapi?"

"Hawakuandika."

Akachukua ndizi nyingine. "Alikuwa amechoka," akasema. "Mtu akichoka sana, anasema lolote. Endelea."

Nikaendelea. Mwanamke yule aligawa mali yake, akawahudumia wenye ukoma. Baadaye akaenda kuhiji mji mwingine, na huko, mlangoni pa kanisa, akaanguka akilia kwa sauti mpaka ndugu aliofuatana nao wakaona aibu.

"Hiyo ilikuwa baada ya miaka mingapi, tangu awazike?"

Nilirudi nyuma nikahesabu. "Kama mitatu hivi."

"Mitatu," akasema. Alinitazama kidogo, kama mtu anayetazama jeraha kuona limefikia wapi. "Basi wewe bado."

Nikafunua ukurasa. Nilisoma mpaka ndizi zikaisha na sufuria ikabandikwa. Kurasa zilizobaki tulizimalizia Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Mama alisinzia kabla sijafika pale mwanamke yule anapofariki, nami nikamalizia peke yangu, kwa sauti ya chini.