Matairi ya Kushoto

Ubishi juu ya gari la baba ulianza kwa simu ya ndugu yangu aliye Nairobi. Yule ana moyo mkunjufu na mdomo mpana, na siku hiyo vyote viwili vilifunguka pamoja.

"Sista, huo mkweche wa mzee utawaua. Tairi zimeisha hadi nyaya ziko nje. Tuchange tumtafutie gari ya maana."

Nilimjibu kwamba injini haina kosa lolote, kinachotakiwa ni matairi tu, na kwamba ivushayo ni mbovu. Akaniambia methali haishiki breki. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Likoni, akamuunga mkono, na kundi letu la familia kwenye simu likawaka moto wiki nzima. Baba naye akasema gari jingine si wazo baya. Nilikasirika. Walio mbali hupenda kununua, na anayekaa karibu ndiye hubaki kukilisha kilichonunuliwa.

Anayekaa karibu ni mimi. Tangu mama afariki nilirudi Mjambere kukaa na baba, mimi na binti yangu wa darasa la pili. Asubuhi mimi hutoka mapema kwenda kazini Changamwe, katika ofisi ya kampuni ya malori, na baba alikuwa akimpeleka mjukuu wake shuleni kwa gari. Hakuna aliyeona tatizo hapo. Baba aliendesha malori kutoka bandarini hadi Malaba tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hajagonga hata kuku. Habari za kuku huyo tumezisikia tangu utotoni.

Jumamosi moja niliamua kumaliza ubishi kwa kununua matairi. Nikachutama kando ya gari nisome saizi. Matairi ya kulia yalikuwa yamekwisha kama yanavyokwisha ya mtu yeyote, yana kipara tu. Lakini maandishi yalikuwa yamejaa matope, nikazunguka upande wa kushoto. Huko kulikuwa na mambo mengine. Mbavu za matairi zilikuwa zimechunika na kuchanika, rimu zina makovu, na kioo cha pembeni kimeshikizwa kwa selotepu. Yote hayo ni upande mmoja.

"Madereva wa siku hizi, mama," baba alisema nyuma yangu. Ndivyo anavyoniita. "Wanakubana mpaka upande ukingo."

Nilitaka kumwamini, kwa hiyo nilimwamini. Tukapanda gari twende kwa muuza matairi, yeye akiwa kwenye usukani. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari jingine. Mbele yetu, upande wa kushoto, muuza maji alikuwa akisukuma mkokoteni wake uliojaa mitungi. Nilingoja baba asogee kulia kidogo. Hakusogea. Nikangoja tena kidogo, kwa heshima, kwa kuwa dereva wa Malaba haelekezwi, kisha nikapiga kelele. Muuza maji akaruka mtaroni. Gari likaukwaruza mkokoteni, nao ukapinduka nyuma yetu.

Baba alisimamisha gari.

"Umeliona lori lile lilivyotubana?" akaniuliza.

Hapakuwa na lori. Nilishuka, nikamwomba radhi yule muuza maji, nikamlipa maji yake na kumsaidia kuinua mitungi. Alinitukana ipasavyo. Sikumsikia vizuri, maana nilikuwa nikiwaza lango la shule ya binti yangu, na watoto wanaosimama pale asubuhi na sare zao. Wote husimama upande wa kushoto. Niliogopa, nikaona aibu kumwogopa baba yangu mzazi, kisha nikaogopa zaidi.

Jioni niliwaeleza wenzangu kwenye kundi. Niliandika wazi kwamba baba haoni kushoto. Watu waliokuwa wamebishana wiki nzima sasa kila mmoja akawa anangoja mwingine ajitolee kumfunga paka kengele. Mwishowe dada akaandika: "Mwambie wewe. Wewe ndiye mamake."

Hakuwa akinitania. Nimepewa jina la nyanya mzaa baba, na kwetu mtoto kama huyo ni mzazi wa mzazi wake. Baba anaweza kumkatalia mtu yeyote katika nyumba ile, lakini kwangu hufikiri mara mbili. Nilipokuwa mdogo cheo hicho nilikitumia kuombea peremende. Sasa kilikuwa kinanidai kazi, nami sikukitaka tena.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, nilimkuta ameketi barazani na shati lake la Jumapili. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi ya adabu. Yote yakanitoroka.

"Baba, kuanzia kesho mtoto hatapanda gari nawe."

"Kwa nini, mama?"

"Huoni kushoto."

Nilijiandaa kugombezwa. Alitazama gari lake pale uani, akapangusa magoti ya suruali ambayo hayakuwa na vumbi.

"Daktari aliniambia ni presha ya macho," akasema. "Si habari ya leo."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, mngeninyang'anya ufunguo."

"Sasa ulikubalije kununuliwa gari jingine?"

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa. "Nilidhani nikipata dogo, njia itanitosha."

Nilinyoosha mkono, naye akatoa ufunguo mfukoni akaniwekea kiganjani. Ningefurahi kama angekataa. Niliingia chumbani nikalia, mdomo kwenye mto, asinisikie.

Matairi nilinunua, yote manne. Gari naendesha mimi, mtoto namshusha shuleni mapema kabla sijaenda kazini, na kwenye kundi ndugu yangu amekubali kwamba nilishinda. Sijawahi kushinda jambo likaniuma hivi.

Baba bado huamka kabla yetu. Hulifuta gari, hufungua lango, kisha husimama nyuma kunielekeza nikirudi kinyumenyume, kama alivyokuwa akielekezwa na utingo wake bandarini: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo." Namtii kila neno, na upande wa kushoto naangalia mwenyewe.