Saa ya Babu Ndani ya Ndoo

Shangazi yangu hukereza vyuma. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, kisha huitazama mikono yake, wakaamini. Miaka ishirini na sita amesimama mbele ya kerezo, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya kama chungwa, akitengeneza mihimili ya pampu za maji. Karakanani humwita Bi Nukta, kwa sababu kwake hakuna "sentimita mbili hivi". Kuna mbili nukta sifuri tatu, na ole wako ubishe.

Babu, yaani baba yake, alikuwa mpiga king'ora kiwandani. Zamu ziliingia na kutoka kwa saa ya mkononi mwake. Alipostaafu, jasho lilikuwa limelila kasha la saa hiyo hadi likatoboka mgongoni, ingawa mashine ya ndani ilikuwa ingali hai kabisa. Akaizungushia pamba na kuihifadhi ndani ya kopo. Kila Jumapili huitia ufunguo, akaisikiliza, akairudisha.

Fundi Saa, mwenye kibanda cha vioo pale kona, alikuwa ameshatoa hukumu. "Mzee, kasha la saa hii halitengenezwi tena popote. Nipe mashine nitoe vipuri, iokoe saa nyingine tatu."

Shangazi akawaka. Nami niliwaka naye, sitaficha. Tumezoeshwa kuamini kwamba kisichotoka dukani hakipo, kana kwamba tulipewa vidole kumi kwa ajili ya kufungulia maboksi!

"Hilo la kwanza lilitengenezwa na nani?" Shangazi aliuliza. "Si mtu? Na mimi je, ni mbuzi?"

Akaokota kipande cha mhimili wa pampu, chuma kisichoshika kutu, akaomba ruhusa ya kutumia kerezo baada ya kazi. Kasha la kwanza lilitoka kubwa kama kopo la rangi ya viatu. Babu akalijaribu, akauliza mkono wa pili avae sufuria gani ili asitembee upande. La pili lilikuwa zuri mno, ila alilipima likiwa bado na moto wa kisu. Lilipopoa likanywea, mashine ikagoma kuingia. Kosa hilo amewagombeza nalo wanagenzi miaka nenda miaka rudi! Alicheka hadi akakaa sakafuni.

La tatu, nilikuwepo, nimempelekea chakula. Mashine iliteleza ndani ikatua, "tk", kama mtoto aliyepata mahali pake kitandani. Shangazi akarukaruka karakana nzima na mabuti yake mazito, akiwakumbatia wote, wenye grisi na wasio nayo. Mimi nilirudi nyumbani na alama ya mikono miwili mgongoni, nikajivunia.

Jumamosi asubuhi Fundi Saa akaja uani kwetu. Alibana lenzi jichoni, akalizungusha kasha, akaguna.

"Sura inayo. Lakini maji hayaangalii sura, Bi Nukta. Tone moja tu, mashine hii kwisha habari yake."

"Leteni ndoo!" Shangazi akasema.

Wakakubaliana hapo hapo: saa moja nzima chini ya maji. Yakiingia, Fundi Saa aondoke na mashine, atoe vipuri atakavyoweza kuviokoa. Yasipoingia, neno "vipuri" lisisikike tena mbele ya Babu.

"Basi tuweke karatasi kavu ndani, mashine ikae pembeni," Fundi Saa akashauri. Hakuwa mtu mbaya.

"Pampu haijaribiwi kwa karatasi. Baba, unasemaje?"

Babu akaitazama ndoo. Saa ilikuwa yake, na hakuwa na nyingine. "Mwanangu," akasema, "kama ni kufa, ife imevaa nguo."

Ikazamishwa. Uani tukawa wanne, punde wanane, maana mshonaji jirani aliiacha cherehani yake na wateja wake wakamfuata. Babu aliinama juu ya ndoo hadi pua ikakaribia kulowa. Povu moja dogo likapanda.

"Imepumua!" mshonaji akapiga kelele.

"Hiyo ni hewa ya nje, imenasa pembeni," Shangazi akajibu, lakini niliona anakunja ncha ya kitenge chake.

Muda ulipotimia, Fundi Saa akaikausha, akachukua kifaa chake cha miguu mitatu cha kufungulia mifuniko ya nyuma. Akazungusha. Wapi! Akavua koti, akazungusha tena. Akaiweka katikati ya magoti, akauma ulimi, mishipa ikamsimama shingoni.

"Umetia gundi!"

"Gundi? Mimi? Lete hapa!" Shangazi akajaribu naye. Mfuniko haukutikisika.

"Imekufa maji hiyo," mshonaji akatangaza, "mwili umeshakakamaa."

"Nyamazeni!" Babu akaipeleka sikioni. "Inatembea."

"Hata anayezama hutapatapa kwanza, Mzee," Fundi Saa akasema kwa huruma.

Shangazi alikuwa amesimama kando, mkono ukizungusha hewa kama mtu aliye mbele ya kerezo. Mara akajipiga paji la uso, akaanza kucheka, akashindwa kusema.

"Nini, Shangazi?"

"Nimekata meno ya kushoto!"

Akatueleza huku akifuta machozi. Kwenye zile pampu zao, skrubu ya kawaida ingelegezwa na mzunguko wenyewe, kwa hiyo meno yake hukatwa kinyume. Amekata hivyo tangu ujana; hata kwenye mfuniko wa saa, mkono haukumwuliza. Fundi Saa hakuwa akifungua. Tangu alipoanza alikuwa akikaza!

Fundi akageuza kifaa upande wa pili. Mfuniko ukalegea kama wa chupa ya mafuta.

Akachana karatasi laini, akaigusisha kila pembe, akaiinua juani. Kavu. Akagusisha tena, safari hii taratibu, kama anayetafuta la kujifariji. Kavu kabisa!

Uwanja ukalipuka. Mshonaji alimnyanyua Fundi Saa badala ya Shangazi, sijui kwa nini.

"Nitayakata upya meno, yawe kama ya watu wengine," Shangazi akasema kwa aibu kidogo.

"Thubutu!" Babu akafoka.

Fundi Saa akatoa sindano ya chuma. Mafundi wa saa, akatuambia, kila mmoja anayefungua kasha huacha alama ndogo ndani ya mfuniko, kumsaidia atakayefungua baadaye. Akakwaruza mshale wa kuonyesha upande wa kuzungusha, kisha akamkabidhi Shangazi sindano.

"Mwenye kulitengeneza aanze kuweka jina. Mimi nitafuata chini yako."

Shangazi akaandika, ulimi nje.

"Mkimaliza kuandikiana barua humo ndani, nipeni saa yangu!" Babu akasema.

Ikafungwa, akavishwa. Akaitazama mara moja, akakunja mkono wa shati, na kabla hatujamzuia akauchovya mkono mzima ndani ya ndoo, mpaka kwenye kiwiko, akikoroga maji huku sote tukipiga kelele.