Sauti ya Bi Zdislava

Mwaka ule Apolena alijitakia mwenyewe. Kila aliyemwomba akampigie kinanda alimwitikia ndiyo hata kabla hajamaliza kuomba. Masopust ilikuwa imepamba moto, zile wiki za kula koblihy, maandazi ya jamu, na kucheza dansi kabla Kwaresima haijaingia, na pale mjini Brno, nchi ya Wacheki, kila mwenye ukumbi, kuanzia makumbusho hadi kiwanda cha bia, alitaka dansi za makasri ya zamani, mabibi wenye magauni mapana na mabwana wa soksi nyeupe. Jumapili za wiki zilezile makanisa nayo yalitaka nyimbo za kale, za utulivu. Apolena alikuwa anasoma muziki wa kale, mwaka wake wa mwisho, na kote huko alihitajika. Akawa kiguu na njia. Alikula kwenye tramu, alisinzia darasani, na nywele zake zilinuka poda ya mawigi hata siku ya kuosha nywele.

Kinanda chake hakikuwa piano, tusichanganye mambo. Kilikuwa cha kale, chembamba, ambacho nyuzi zake hudonolewa na vijiti vidogo badala ya kugongwa na nyundo. Na kilikuwa na jambo moja ambalo sina budi kulieleza, maana ndilo lililoleta balaa. Waimbaji wa muziki wa kale huimba chini kidogo kuliko watu wa leo, nusu toni hivi. Lakini kwenye dansi kulikuwa na Havel, mpiga filimbi, na filimbi ya Havel ilikuwa ya kisasa, haishuki hata uipigie magoti. Kwa hiyo safu ya vibao vya kile kinanda iliundwa iweze kusogezwa. Ukiisukuma kulia, kinanda kizima kinapanda nusu toni, tayari kwa dansi. Ukiirudisha kushoto kinashuka, tayari kwa kanisa. Kipande cha mti huchomekwa pembeni kuizuia isitembee. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kuisahau pia ni hivyohivyo.

Jumapili ya mwisho ya Masopust Apolena aliisahau.

Usiku wa kuamkia siku hiyo yeye na wenzake walikuwa wamepigia dansi huko kwenye kasri, na asubuhi kinanda kililetwa kikiwa kimefungwa mablanketi, moja kwa moja hadi kanisa dogo ambako Bi Zdislava alitakiwa kuimba mchana. Padri alikuwa na mahubiri marefu siku hiyo, kwa hiyo nafasi ya mazoezi haikupatikana. Apolena alikaza nyuzi chache zilizolegea njiani, akizilinganisha zenyewe kwa zenyewe, akajiona amemaliza.

Bi Zdislava alikuwa mjane wa miaka sitini na ushee, na nusu ya waimbaji wa mji ule walipita mikononi mwake. Kikundi cha Mzee Radovan, hichohicho alichokipigia Apolena kinanda, kilimtegemea tangu binti huyo hajazaliwa. Kila Ijumaa Kuu yeye ndiye aliyeimba maombolezo, na watu walitoka kanisani hawasemezani. Jumapili ile waliingia wawili tu, yeye na kinanda, bila ala nyingine ya kulinganisha. Alianza vizuri. Kisha ikaja noti ya juu kabisa, ile ambayo kwenye mazoezi ya wiki iliyotangulia aliishika bila kutoka jasho, ikamkatika kooni. Kwenye ubeti wa pili akaiendea tena kwa ujasiri, ikakatika tena, safari hii kwa mkwaruzo kama wa bawaba yenye kutu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akainamia viatu vyake. Bi Zdislava akauacha wimbo wa mwisho, akainama kuwashukuru watu, akatoka.

Nyuma ya madhabahu Apolena alimkuta akijifunga skafu.

"Pole, Bi Zdislava. Baridi ya humu ndani mbaya."

"Baridi? Usinibembeleze." Alitabasamu, akaikaza skafu. "Ni uzee, mwanangu. Nilijua uzee utanijia. Nilidhani tu utabisha hodi kwanza."

Hapo akaingia Mzee Radovan, kiongozi wa kikundi. Huyu alikuwa mwalimu wa dansi, na masikio yake yote yalikuwa miguuni. Alimpa Bi Zdislava mkono bila kumtazama usoni, halafu akamgeukia Apolena. "Lakini wewe! Leo kinanda kimeng'aa! Umekifanyia nini?"

"Sijakifanyia kitu," Apolena alisema, na wakati huo alikuwa anaamini.

Watu walipotawanyika akaanza kukifunga. Mkono ukapapasa pembeni mwa vibao, na kipande cha mti kilikuwa upande wa dansi. Alikitazama mara mbili. Bi Zdislava alikuwa ameimba juu kuliko alivyojiandaa, wimbo mzima, peke yake mbele za watu, akifuata kinanda kilichompeleka pabaya, na sasa alikuwa anarudi nyumbani akiamini kwamba koo lake limekufa.

Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Apolena alimwona kituoni ng'ambo ya barabara, anasubiri tramu. Kumwita tu kungetosha. Badala yake alikirudisha kile kipande upande wa kanisa, harakaharaka, kama anayefuta alama za vidole. Tramu ikaja, ikamchukua.

Msiniulize kwa nini. Mzee Radovan alikuwa amemwahidi kiti cha kudumu kwenye kikundi, na mpiga kinanda anayesahau vibao hapewi kiti. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba mtu akishakaa kimya dakika ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi, na ile ya kusema ndiyo inayozidi kuwa ngumu.

Jumatano ya Majivu Bi Zdislava aliwapigia simu kuaga. Hataimba tena, wala hiyo Ijumaa Kuu. Mzee Radovan alisikitika kama siku mbili, kisha akampa nafasi Otylie, msichana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi.

Apolena naye akaanza kuuma na kupuliza. Kila alipopata upenyo kati ya darasa na dansi, alinunua keki ya bábovka akaenda nayo kwa Bi Zdislava, ghorofa ya tatu. Aliosha vyombo. Alimwagilia maua. Roho ilikuwa inamsuta kila anapopanda zile ngazi, na kila anaposhuka inamsuta zaidi, maana yule mama alikuwa anafurahi kumwona.

"Wengine wananipigia simu kunipa pole utadhani nimefiwa," Bi Zdislava alisema siku moja akikata keki. "Wewe peke yako unakuja kukaa. Nimemwambia hata dada yangu."

"Wanafunzi je? Bado wanakuja?"

"Wanakuja. Nawaelekeza kwa maneno na piano. Siwaimbii tena, wasije wakajifunza kukatika."



Kwaresima haikupunguza dansi. Siku hizi makumbusho hayafungi. Kwenye mazoezi fulani, wakati Mzee Radovan ameketi kwenye benchi akivaa viatu vyake vya dansi, vyenye visigino, Apolena alishindwa kujizuia. Akamweleza yote kwa sauti ya chini.

Mzee Radovan aliacha kiatu kimoja kikining'inia. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa." Akatazama huku na huku. "Sikiliza, binti. Mabango yameshabandikwa, jina la Otylie liko juu. Zdislava ameshakubali, ametulia. Unataka kwenda kumtibua kwa faida ya nani? Ili wewe upate usingizi?"

"Jamani, mbona mnanong'ona kama mnachumbiana?" Havel alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Filimbi inapoa huku!"

Wachezaji wakacheka. Apolena alirudi kwenye kinanda, na kwa jioni moja alihisi nafuu, kwa kuwa sasa walikuwa wawili. Kesho yake nafuu ilikuwa imekwisha. Lile neno la usingizi lilimkaa kooni, maana lilikuwa na ukweli. Ni kweli alitaka kulala. Lakini pia palikuwa na mama aliyenyamaza ndani ya nyumba yake, na kunyamaza kule hakukuwa kutulia.

Juma lililotangulia Juma Takatifu alikwenda tena. Alikuta maboksi sebuleni, na rafu za nyimbo zimebaki tupu. Bi Zdislava alikuwa anagawa kila kitu. Alimpa mkononi maombolezo ya Ijumaa Kuu, karatasi zilizochakaa pembe.

"Mpelekee Otylie. Nimeweka alama za penseli mahali pa kupumua, zitamsaidia. Mwambie pale juu asiogope. Mimi niliogopa, ndiyo maana…"

"Bi Zdislava, haukuwa uoga." Apolena aliyasikia maneno yakimtoka, akaona heri yatoke yote. "Wala si uzee. Nilisahau kurudisha vibao. Kinanda kilikuwa juu, upande wa dansi. Uliimba nusu toni juu wimbo wote. Kosa lilikuwa langu."

Bi Zdislava aliketi juu ya boksi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepotewa na miwani akaikuta kichwani. Halafu kicheko kikamwisha.

"Umejua lini?"

"Mchana uleule. Ulikuwa kituoni, unasubiri tramu."

"Mchana uleule." Akaitazama meza, palipokuwa na bábovka bado kwenye karatasi yake. "Na hizi keki zote? Ulikuwa unaniletea mimi, au unajilisha mwenyewe?"

Apolena akamnyooshea zile karatasi za maombolezo.

"Haya, nenda kwenye piano, upige wimbo wa siku ile. Teremsha nusu toni. Piga."

Apolena alipiga. Bi Zdislava aliimba amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Sauti ilitoka na kutu ya wiki nyingi. Ilipofika mahali penyewe akavuta pumzi, na ile noti ikatoka nzima, ikajaa sebule. Jirani wa juu, aliyekuwa anagongagonga kitu, akaacha kugonga. Bi Zdislava alifuta macho kwa kiganja.

"Hata nikiosha vyombo sikuimba," alisema. "Nilijizuia. Sasa twende, ukamwambie Radovan."

"Mzee Radovan anajua."

"Anajua nini?"

"Nilimwambia. Kama wiki mbili zilizopita. Akasema tusikutibue."

Naamini hilo ndilo lililomchoma kupita yote. Uso wake ulijifunga kama mlango. Alikwenda kwenye simu, akabonyeza namba aliyoikariri.

"Radovan. Mimi. Ijumaa Kuu naimba… Mabango kayabandue… Ndiyo, ameniambia. Hapana, wewe hukuniambia." Alisikiliza kidogo. "Kinanda? Atapiga yeye." Akakata.

"Bi Zdislava, tafadhali, mtafute mwingine. Mimi sistahili."

"Nani amekuuliza unastahili nini? Ungependa nikufukuze, si ndiyo? Ulie kidogo, uende zako, yaishe. Hapana, mwana…"

Neno lilikuwa limeshafika nusu. Akalirudisha.

"Hapana, Apolena. Utakaa pale, utanipigia mwanzo hadi mwisho, na utasikia. Mazoezi kesho saa nne, kanisani. Uwahi."

Akamfungulia mlango, akasogea kando kumpisha apite.