Ufunguo wa Nyumba ya Verna

Kwa miaka tisa Darlene Pruitt ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba ya Verna, na hakuna cheo alichowahi kukipenda kuliko hicho. Verna Thiessen alikuwa mgeni wa Palm Springs, mji wa jangwani kule California, mmoja wa wale wazee wa Kanada wanaoikimbia theluji ya kwao: anaingia Novemba, anaondoka Aprili kabla jangwa halijaanza kuchoma. Darlene hakuwa na pa kukimbilia. Kiangazi chote alibaki palepale kwenye mtaa wao wa wastaafu, na kila Jumatatu asubuhi alifungua nyumba ya Verna, akamwaga maji kwenye kila sinki na kila choo. Nyumba ikifungwa miezi sita kwenye joto lile, maji yaliyotuama kwenye mabomba na kuwazibia wadudu njia hukauka, na mende wa mtaroni hupanda humo kama waalikwa. Wageni wengi wamejifunza hilo wakiwa tayari wanalia.

Kisha akahamia Gwen Hatcher, mjane mrefu mwenye kicheko cha kusikika toka bwawa la kuogelea mpaka getini. Haukupita mwezi, Verna akawa anakunywa kahawa barazani kwa Gwen. Darlene alipompelekea Verna mfuko wake wa mabalungi, kama kila mwaka, alikuta mfuko mwingine umeshaning'inia mlangoni.

"Ya Gwen matamu kweli," Verna alimwambia siku hiyo, wote wawili wamo bwawani, maji mpaka shingoni. "Umeyaonja?"

"Tumbo langu halitaki uchachu siku hizi," alijibu Darlene, mtu mwenye mti mzima wa mabalungi uani kwake.

"Mbona umenuna?"

"Nani, mimi? Jua hilo linanipiga machoni."

Hakuwa amenuna tu. Wivu ulikuwa unamla, na kwa kuwa alikuwa na miaka sabini na mbili aliuonea aibu, na aibu ikauzidishia makali.

Aprili, Verna akifunga mizigo garini, alisema kama jambo dogo, "Mwaka huu ufunguo nimempa Gwen. Wewe pumzisha hilo goti lako."

"Goti langu limekuja kukulalamikia?"

"Usiwe hivyo, Darlene."

"Niwe vipi? Nyumba si yako? Mpe umtakaye."

Wakakumbatiana kwa bega moja. Kuhusu maji Darlene hakusema neno. Gwen alikuwa ametoka Oregon kwenye mvua, angejulia wapi mambo ya mabomba kukauka? Atafagia, atapangusa vumbi, basi. Oktoba mende watatembea juu ya vitanda, na ufunguo utarudi wenyewe kwa mwenyewe. Darlene alilala vizuri na wazo hilo wiki nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka.

Julai uvumilivu ukamwishia. Jumatatu moja saa nne asubuhi, lami imeshaanza kulainika, alivaa kofia akaenda kuchungulia dirishani kwa Verna. Gwen akamfungulia kabla hajainama.

"Ingia ndani, utaungua hapo nje."

Ndani hamkuwa na hata harufu. Maji yalikuwa yanatiririka jikoni, na Gwen alishika karatasi yenye mwandiko wa Verna.

"Nasoma kama mtoto wa darasa la kwanza," Gwen alicheka. "Sinki la jikoni, hesabu mpaka thelathini. Choo, vuta mara mbili. Bafuni, malizia na matone ya mafuta ya kupikia, maji yasikauke haraka."

"Mpaka mafuta?" Darlene aliuliza. Mafuta alikuwa ameyagundua yeye.

"Anasema hayo kayapata kwako."

Darlene aliichukua karatasi, akaigeuza nyuma. Hakukuwa na kitu. Viangazi vyake tisa vilikuwa vimeenea nusu ukurasa, na kila mstari ulikuwa sahihi. Alitafuta kosa la kusahihisha, hakuliona.

Simu ya Gwen ikalia mezani.

"Huyo ni Verna," Gwen alisema, akikausha mikono. "Kila Jumatatu saa hizi lazima apige, ati nisifanye kazi peke yangu. Subiri umsalimie."

Miaka yote tisa, Verna alikuwa hajampigia hata Jumatatu moja. Darlene ndiye aliyekuwa akipiga.

"Mwambie sipo," alisema, akafungua mlango.