Mchezo Wangu Unapendwa Kwenye Vilio Tu

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana nusu ya ukoo wetu wanafuata ukurasa huu na sitaki waanze kunipigia simu za huruma.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, naishi Ruashi, Lubumbashi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mama yangu chumba kimoja kimoja. Sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu wote wana miji yao. Nilisomea kompyuta, lakini kazi yangu ni kutoa fotokopi kwenye kibanda cha mtu kule Kamalondo. Silalamiki. Au basi, niseme ukweli, nalalamika.

Mama alipofariki, kilio kilikuwa kwetu. Nyinyi wa mbali mnaita matanga. Watu walijaa uani chini ya turubai, wakapika, wakacheza karata, wakalala pale pale. Sasa, ukoo wetu una watani wake, tunawaita banungwe, na kwenye kilio wana ruhusa ya kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Mmoja wao, mama mnene mtundu kweli kweli, alijifunga kitenge cha mama, akashika kiuno na kunifokea kwa sauti ile ile: "Weye mutoto, mulango umeacha wazi tena! Unataka poussière, vumbi yote ya Ruashi, ilale mu kitanda yangu?"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mimi nilicheka huku nalia. Nikamwomba arudie, nikamrekodi kwenye simu.

Wazo lilianzia hapo. Watu walipotawanyika na nyumba ikabaki kimya, nilikaa nikatengeneza mchezo wa simu. Unamwigiza mtu wa familia yako, unajirekodi, wenzako wanakisia ni nani. Nikauita Nani Huyu. Sauti ya kwanza niliyoiweka ni ile ya mtani akimwigiza mama.

Sikutaka kuacha kibanda kwa pupa, nikasema kwanza nijaribu kama watu wataupenda. Nikaupeleka kule nilikouona ukizaliwa, kwenye vilio. Jirani akifiwa, nipo na simu yangu. Rafiki wa jirani akifiwa, nipo. Na walicheza jamani! Wazee walinyang'anyana simu, wakwe waliigizana mpaka nikaogopa watagombana. Nilirudi nyumbani natembea kama mwenye kampuni.

Kuna kaka mmoja anafundisha vijana mambo ya kuanzisha biashara, nikamweleza yote kwa mbwembwe. Alinisikiliza, halafu akaniuliza, kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya, ku kilio bantu banafanyaka nini?"

Nikamjibu wanakaa tu.

"Njo vile. Beko banakaa tu. Hata ukibaletea mawe, batacheza. Jaribu siku bantu beko na kazi yabo, na weye hauko pale."

Niliudhika, lakini nikafanya. Niliuweka mchezo kwenye simu za ndugu na marafiki wote, nikawaomba wacheze wakiwa kwao, nami nikanyamaza, sikumkumbusha mtu. Nikawa naangalia kila nikipata nafasi pale kibandani. Hakuna aliyeufungua. Mara moja niliona mtu ameingia, moyo ukaruka, kumbe ni mimi mwenyewe kwa simu ya kazini.

Nikamuuliza binamu yangu, yule aliyecheka kuliko wote kwenye kilio cha mama. Akaniambia bila ubaya wowote: "Yaya, ile mchezo iko muzuri sana. Lakini ku nyumba nitamuigiza nani? Bibi yangu, mama ya batoto, iko pale anaona télé. Tutacheza siku tutakutana tena."

Siku tutakapokutana tena. Yaani mwingine akifa.

Sasa kaka yangu mkubwa amenipatia kazi Kolwezi, kwenye ghala la vipuri, na Jumatatu anataka jibu. Nikienda, nyumba ya mama inapangishwa na mchezo ndiyo basi, kwa sababu kazi ile haiachi hata muda wa kujikuna. Nikibaki, nabaki na kibanda cha fotokopi na wazo ambalo huenda ni zuri, huenda ni upuuzi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nimeshaacha kujaribu mchezo, lakini kwenye vilio bado naenda. Nakwenda hata kwa watu nisiowajua, nikiulizwa nasema nafanya majaribio. Nachambua mboga na wanawake, naitwa mama, naitwa yaya, nakula kwenye sinia moja na wengine. Nikirudi, nafungua mlango na kuufunga haraka kwa sababu ya vumbi, kama mama anavyotaka. Halafu naufungua mchezo peke yangu. Unaniuliza nani huyu, naandika Mama, unaniambia nimepatia.

Kwa hiyo sijui tena nilikuwa napima nini. Labda watu hawakuupenda mchezo, walipenda kuwa pamoja, na mimi zaidi yao wote.

Nishaurini, Jumatatu nimjibu nini kaka yangu? Niende, au nibaki niubadilishe mchezo mpaka uchezwe hata siku isiyo na msiba? Na kama wewe unayesoma uko Lubumbashi, tafadhali usisubiri kilio ndipo uniite. Niite siku ya kawaida kupitia kwa Admin, nitakuja hata bila simu yenye mchezo.