Mguu Wenye Subira

Kutoa hewa kwenye breki za pikapu ya baba ilikuwa kazi yangu. Yeye alilala chini karibu na gurudumu, spana mkononi, akifungua na kufunga kiskurubu cha kutolea hewa. Mimi nilikaa kwenye usukani na kukanyaga pedali ya breki. "Piga pampu! Shika!" Mara nyingi niliachilia kabla hajafunga, hewa ikarudi ndani, tukaanza upya. Hakunigombeza. Asubuhi nzima ilituishia hapo, na katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyempata baba asubuhi nzima.

Mwaka huu kaka yangu akaoa. Jumapili moja nikatoka Nyanchwa, ninakoishi, mpaka nyumbani Nyansiongo, nimevaa raba zangu za kazi, nikamkuta mkewe amekalia kiti changu pale kwenye usukani. Nikaona wivu.

Kwetu kuna ensoni, ile haya ya baba na mke wa mwanawe: hawashikani mikono, hawaketi karibu. Nilidhani ensoni itanilinda. Wapi! Baba alikuwa chini ya gari, mke wa kaka juu, hawaonani hata nyusi, na maneno yanatiririka. Tena kwa Kiswahili, kwa sababu bibi huyo ni wa Nakuru, na huyu ni baba ambaye Kiswahili humtoka kama jino linalong'olewa.

"Shika, mama!"

"Nimeshika, baba."

"Haya, nimefunga, achilia. Hiyo mguu yako iko na subira!"

Subira! Nikasimama na chupa ya mafuta ya breki, nikingoja akosee. Hakukosea. Chai haijachemka, magurudumu yote manne tayari.

Ikabaki kuzijaribu breki barabarani. Huko mke wa mwana hawezi kwenda, angeketi bega kwa bega na mkwewe. Baba akaniita mimi. Nikaingia na kubamiza mlango, makusudi, ili mke wa kaka asikie.

Tukashuka mteremko wa kwenda mtoni, mahindi huku, majani chai huku. Baba akaongeza mwendo. Nami nikamwomba Mungu, kwa moyo wangu wote, pedali ile izame mpaka chini bila kushika, na sisi tukiwa humo humo ndani.

Akakanyaga. Gari likasimama pale pale.

"Umeona?" akaniuliza, uso mzima kicheko.

"Nimeona," nikasema. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu kwa nguvu zote, upande wa abiria, mahali pasipo na pedali.