Meli Mbili na Miguu ya Mama

Mama alikufa wakati sisi wanawe wawili bado tunabishana apande meli gani. Nalisema mapema ili mtu asije akaanza kunihurumia.

Ilianza na daktari. Alituambia moyo wa Mama umechoka, asibebe ndoo, asipande ngazi mbiombio, na kama kuna jambo analolitamani tusiliweke kiporo. Nikampigia simu mdogo wangu. Yeye yuko Ulaya miaka mingi, ana kazi nzuri, na ana tabia moja: ukimpelekea shida yoyote anatafuta kitu cha kununua. Akaniuliza Mama anatamani nini. Nikamwambia kile ambacho nyumba nzima tulikijua tangu utotoni, kwamba Mama anatamani kufika baharini kabla hajafa.

Babu yake Mama alikuwa mpagazi. Aliondoka huku Unyamwezini na pembe ya ndovu begani, akatembea miezi mpaka Bagamoyo, akarudi. Enzi zile kijana wa kwetu asiyefika pwani alihesabiwa mtoto hata awe na ndevu, na wasichana walimcheka waziwazi. Mama alimkuta babu huyo akiwa kizee kikongwe, kijijini upande wa Kigwa, akawa anamkalia karibu na kusikiliza. Alisimuliwa kwamba walipofika pwani, kabla ya kula, kabla ya lolote, walitua mizigo wakaingia majini na miguu yao iliyopasuka. Maji yakawachoma mpaka wanaume wazima wakalia, halafu wakapoa. Mama alituhadithia habari hiyo mara nyingi mno, hata tukaacha kuisikiliza.

Mdogo wangu akasema, "Dada, tutampandisha meli." Hakuwa na maana ya boti ya kwenda Unguja na kurudi. Alimaanisha zile meli za starehe, unalala humohumo, unakula humohumo, unaamka uko mji mwingine. Na mimi ningeenda naye kama msindikizaji. Sitasema uongo, nilifurahi. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, safari zangu ndefu zimekuwa Nzega na Igunga kusimamia mitihani. Nilipokata simu nilicheza peke yangu jikoni, mtu mzima mimi na magoti yangu.

Basi akanitumia picha za meli yake. Ee Mungu wangu! Meli ya ghorofa kumi na kitu, ina lifti, ina hospitali, ina mabwawa ya kuogelea, kumbi za kulia hata huzimalizi, na watu maelfu. Nikaitazama siku mbili, halafu nikaanza kuitilia kasoro. Niliingia mtandaoni nami, si mjinga, nikakuta meli ndogo ya abiria mia moja hivi, inayopita visiwa vyetu hivihivi vya huku, inaingia hata bandari zile ambazo jimeli kama lile haliwezi kusogelea. Nahodha anakula na wageni. Nikamwandikia: hii ndiyo ya Mama.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Yeye akasema meli ndogo inayumba, Mama atatapika mpaka aombe kurudi. Nikasema meli kubwa ni mji, Mama atapotea kati ya chumba na choo. Akasema meli yangu haina lifti, na kushuka ni kwa vijiboti vya mpira, je, magoti ya Mama nimeyasahau? Nikasema kwenye meli yake unaweza kumaliza siku nzima usiyaone maji, na chumba alichokichagua hakina hata dirisha. Akasema atachukua chenye dirisha. Nikasema nani atamsalimia Mama huko? Mwanamke aliyezoea kuamkiwa shikamoo na mtaa mzima akakae na watu elfu tatu wanaompita kama nguzo? Akasema, "Dada, salamu haitibu moyo. Daktari anatibu." Nikasema, "Umekaa huko mpaka umekuwa gogo." Akanyamaza wiki mbili. Nami nikanyamaza, tuone nani atachoka.

Nikitazama nyuma, najua tulichokuwa tukibishania. Yeye alitaka picha: Mama kwenye ngazi ya dhahabu, marafiki zake waone jinsi anavyomtunza mzazi. Na mimi? Mimi nilitaka meza ya nahodha. Nilijiona kabisa nimevaa gauni, naulizwa mimi ni nani, natoka wapi. Maneno yote yalikuwa "Mama, Mama", lakini aliyekuwa anataka kupanda meli ni mimi. Haya, nimesema.

Na Mama tulimuuliza, msidhani hatukumuuliza. Nilimwonyesha simu, picha za meli zote mbili. Akazitazama kwa adabu, akasema, "Mtakavyoona, wanangu." Nikamwandikia mdogo wangu papo hapo kwamba Mama ameridhia. Naye akamuuliza kwa simu, akajibiwa hivyohivyo, akaniandikia kwamba Mama amekubali meli kubwa.

Mtu wa nje angekosea hapo ningemsamehe. Mimi siwezi kujisamehe, maana adabu hizi nimezifundisha darasani. Mzazi wa kwetu hakwambii nataka hiki. Anasema mtakavyoona, halafu anangoja. Unatakiwa ukae chini, ummenyee karanga, mzungumze mvua na mahindi, uulize tena. Akikataa, kesho uulize tena. Mara ya tatu au ya nne ndipo linatoka la moyoni. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Sikukaa chini kwa sababu jibu la kwanza lilinifaa.

Mara moja tu alijaribu kunisaidia. Alikuwa anachambua mchele uani, akauliza bila kuinua uso, "Huko kwenye hiyo meli, maji unayagusa?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, maji yako chini huko, wewe unayatazama tu ukiwa umekaa kwenye kiti." Akasema, "Aa." Akaendelea na mchele wake. Nami nikarudi kwenye simu kumjibu mdogo wangu kuhusu vijiboti vya mpira.

Alifariki kiangazi, asubuhi, akiwa anajiandaa kwenda kumwona jirani. Alikaa kitandani avae kanga ya pili, hakuinuka.

Jirani mwenyewe ni bibi wa Kizaramo, aliletwa Tabora na mumewe mfanyakazi wa reli, na hajaondoka tangu wakati huo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu wanafika pwani na mizigo na babu zao wanawapokea. Yeye na Mama walitukanana kila asubuhi kwa miaka arobaini. "Mpagazi wangu umeamka?" "Nimeamka, mla nazi, nipishe nipite." Mtoto akizaliwa walitukanana, mtu akifiwa walitukanana. Mtani hakasirikiwi, na kwa hiyo mtani huambiwa yale ambayo mtoto wa kumzaa haambiwi.

Mdogo wangu alikuja kwa ndege, akawahi maziko. Siku ya pili ya matanga, watu wamejaa uani, mikeka imetandikwa, bibi yule akatoka chumbani kwa Mama. Amevaa gauni la Mama. Anatembea mwendo wa Mama, goti la kushoto likikataa kukunja. Mkono mmoja ameshika beseni kubwa, mkono wa pili bakuli la mboga. Vicheko vikaanza kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mtani msibani ndiyo kazi yake hiyo, na watu walikuwa wamechoka kulia.

Akaweka beseni chini, akaweka bakuli kando yake. Akaingiza mguu kwenye beseni. "Hii kubwa, ina daktari." Akautoa, akajaribu kuutia kwenye bakuli, haukuingia. "Hii ndogo, nitakula na nahodha." Uani palipasuka kwa kicheko. Akageuka, akatutazama mimi na mdogo wangu, tumekaa pamoja kwenye mkeka mmoja, akasema kwa sauti ya Mama kabisa, ile sauti ya chini: "Mtakavyoona, wanangu."

Mdogo wangu alicheka. Alidhani ndiyo mwisho.

Bibi akaenda ndani akarudi na mkoba wa Mama. Mimi nilikuwa nimeshaufungua siku ya msiba, nikautazama, nikaufunga bila kuelewa. Nilikuwa nimemnunulia gauni la safari, nililikuta kabatini limekunjwa na lebo yake. Mkobani mlikuwa na taulo, ndala mpya za mpira, na chupa ya maji ya lita moja, tupu, imeoshwa, imefungwa ndani ya kanga. Bibi akavitoa kimoja kimoja, akaviinua watu waone.

"Huyu mpagazi wangu," akasema, na sasa hakuwa anaigiza, "mwaka mzima kanifunga mdomo. Kaniambia, mla nazi, wanangu wakimaliza kubishana wanipandishe treni nishuke kwenu pwani. Nitembee mpaka majini, nitie miguu kwenye bahari ileile aliyotia babu, nijaze chupa nikammwagie kaburini kule Kigwa. Siku moja inatosha, nirudi na treni ileile. Nikamwambia waambie. Kasema watoto wamefurahi na meli zao, nitawavunja moyo." Akaiweka chupa mbele yetu. "Mtu alitaka kulowesha miguu. Nyie mkamtafutia lifti."

Watu walicheka tena, wengine. Ndivyo inavyotakiwa, mtani akisema unacheka. Mimi nilijaribu, mdomo ukakataa. Treni inapita hapa Tabora. Honi yake tunaisikia tukiwa tunapika. Ningeweza kumpeleka Mama wiki yoyote ya mwaka ule, hata wiki zile mbili nilizokuwa nimenuna.

Mtani akatutoza faini, ni haki yake. Mdogo wangu akatia mkono mfukoni, akakataliwa. "Sitaki noti zako. Faini yangu ni chupa hii ijae." Mdogo wangu akasimama mbele ya watu wote, machozi yanamtoka, akasema ataijaza mwenyewe, kwa sababu ndege yake inaondokea Dar es Salaam na ana siku nzima pale. Akapigiwa vigelegele. Nami nilipiga.

Chupa aliisahau mezani. Nilimpigia akasema, "Dada, nitanunua nyingine huku, maji ni yaleyale." Jioni akanitumia picha aliyoipiga kupitia dirisha la ndege: bahari yote, kutoka juu, nzuri kweli. Chini yake ameandika, "Mama angeipenda." Nikaapa nitakwenda mimi.

Sasa ni mwaka umepita na zaidi. Kwanza palikuwa na arobaini, halafu mvua, halafu miguu yangu ikavimba, halafu nikawa sina tena cha kusingizia na bado sikwenda. Naogopa. Naogopa kusimama pale na kuona jinsi lilivyokuwa jambo dogo.

Mwezi uliopita bibi alipita kuazima kinu changu. Chupa iko palepale mezani, akaiona. Nikajiandaa kutukanwa kitani, kama alivyokuwa akimtukana Mama. Niliyataka hayo matusi, naapa, niliyangoja kama dawa. Akakichukua kinu, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Ahsante, mwalimu. Siku njema." Akatoka. Tangu hapo ndivyo anavyonisalimia kila asubuhi, kwa heshima, kama mgeni.